Saa ya Mwendo na Kitenge cha Njano

Mimi nikikaribishwa chai nikaambiwa ina sukari, naonja kwanza. Nikiambiwa mlango umefungwa, nainuka nikausukume. Mke wangu Zaina anasema huo ni ugonjwa, na wajukuu wananicheka wakidhani sisikii. Chekeni tu. Miaka yangu yote ya kurusha ndege ndogo kati ya Kigali na Kamembe ugonjwa huo ulinilinda, isipokuwa msimu mmoja ambao nusura uniue mimi na watu wengine tisa. Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu kuuliza kazi ya rubani ikoje, nitawapa habari ya msimu huo. Mengine mtafundishwa shuleni.

Kwanza mjue chombo chenyewe. Mbele ya rubani kuna saa nyingi, na tunaziita saa kwa ajili ya ile duara na mshale, si kwamba zinataja wakati. Moja ni saa ya mwendo, ambayo sisi tuliosomea kwa Kifaransa tuliiita ya vitesi. Inapata habari zake kwenye mrija mdogo ulio nje chini ya bawa. Upepo ukiingia mle kwa nguvu, mshale unapanda, ukilegea, unashuka. Na msije mkadhani injini ndiyo inayoshikilia ndege hewani. Ni upepo unaopita kwenye mabawa. Mwendo ukipungua kupita kiasi, bawa linaachia na ndege inadondoka hata kama injini zote mbili zinanguruma. Ukiwa juu sana, una nafasi ya kujiokoa. Ukiwa unatua, chini yako kuna mikaratusi na mabati ya watu.

Huo mrija niliushuku tangu siku ya kwanza. Fundi wetu Selemani, mwana wa Kamembe kama mimi, alikuwa akiuvika kifuniko cha kitambaa chekundu kila ndege ilipolala, ili nyigu wasijenge humo. Asubuhi ananiambia, "Nimeshatoa, Yusufu." Mimi nazunguka nikaone.

"Haunisadiki?" ananiuliza.

"Wewe nakusadiki. Mrija ndio siusadiki."

Siku moja kifuniko kilikuwa kimetoboka bila yeye kujua. Tulianza kukimbia kwenye pisti, ile barabara ya kurukia, nikatupia jicho saa ya mwendo, mshale umelala palepale kwenye sifuri. Nikapiga kelele, "Saa haiamki!" Tukashika breki na kusimama huku bado kuna pisti ya kutosha mbele. Selemani alichokonoa mrija kwa waya, ukatoka udongo wa nyigu umekauka. Hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akaniita Bwana Mashaka mbele ya watu, na jina likanikaa mpaka leo. Basi mkianza kukimbia, hakikisheni saa imeamka kabla hamjaiacha ardhi. Hilo ni bure, siwadai kitu.

Aliyenifundisha kuishi na saa hiyo ni Komanda Faustin. Komanda ndiye rubani mkubwa, anakaa kiti cha kushoto. Mimi nilikuwa kopiloti, kiti cha kulia. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, shati lake limepigwa pasi hata kola ya ndani. Kanuni yake ya kutua Kamembe ilikuwa moja. Tukitoka Kigali tunapita juu ya msitu wa Nyungwe, tunashuka upande wa kusini hadi kwenye tambarare ya Bugarama, halafu tunageuka na kupanda na bonde la Rusizi kuja kutua. Pale Bugarama kuna mashamba ya mpunga, yanang'aa maji.

"Kijana, nakuambia," alisema siku yangu ya kwanza. "Tukishapita mipunga, kinywa yako ni ya saa ya vitesi tu. Hakuna kuongea juu ya mvua, hakuna kuongea juu ya batoto. Mimi natazama inje, wewe unasoma namba kwa sauti. Ukinyamaza, mimi niko peke yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Komanda."

"Sema tena."

Alinitaka nirudie mara tatu, na mimi nikawaza huyu mzee ananidharau. Baadaye nilielewa. Kamembe iko juu, na hewa ya juu ni nyepesi. Ukitua hapa kwa mwendo uleule wa saa unaotulia nao nchi ya chini, ardhi inaonekana kukimbia zaidi. Jicho linakwambia, aise, tuko mbio mno, punguza! Ukilitii jicho, unapunguza mwendo ambao hukuwa nao wa kupunguza. Rubani mgeni hapa anadanganywa na macho yake mwenyewe. Kwa hiyo mmoja anatazama nje, mwingine anatazama saa, na yule wa saa anasema anachokiona. Sisi tulitua kwa tisini. Nikisema tisini, Komanda anatulia. Nikisema themanini na tano, mkono wake unaongeza moto wa injini kabla sijamaliza neno.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeichukia kazi yangu hiyo. Maman Nsimire, mfanyabiashara wa Bukavu, alikuwa akipanda ndege yetu karibu kila wiki na mabunda yake ya vitenge, na daima alikaa nyuma ya kiti changu. Ndege zile hazikuwa na mlango kati yetu na abiria, kila neno wanalisikia. Mnajua huku kwetu watu hawapendi kuhesabiwa. Ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, seuze binadamu. Nilipoanza, "Tisini na tano, tisini na tano, tisini," Maman Nsimire alinigonga bega.

"Papa, juu ya nini unatuhesabu? Bantu habahesabiwi! Unataka tukufe?"

"Nahesabu vitesi, Maman."

"Uongo! Ndani ya ndege kuna nini ya kuhesabu kama si sisi?"

Kila safari ilikuwa hivyo. Nikianza kusoma, yeye anaanza kusali kwa Kimashi, lugha ya kwao, ili kuifuta hesabu yangu. Niliwahi kumwambia Komanda tumwombe ahamie kiti cha nyuma kabisa, akakataa. Alisema kopiloti asiyeweza kusoma namba huku mwanamke mmoja anasali, hafai.

Sasa sikilizeni ugomvi wenyewe ulivyoanza.

Nyumba yangu ilikuwa kando ya mji, upande wa kushoto wa ndege ikija kutua. Simu za mfukoni hazikuwepo. Zaina alikuwa muuguzi kwenye dispanseri, siku nyingine yuko kazini, siku nyingine yuko nyumbani. Tukapatana hivi: akiwa nyumbani na chakula kipo, anaanika kitenge cha njano kwenye kamba ya uani. Ndege ilikaa Kamembe saa moja hivi kabla ya kurudi Kigali. Nikishatua, nikasimamia mafuta na mizigo, nilipita kwenye kona ya hangari ambako uani kwetu kulionekana. Nikiona njano, nakimbia nyumbani kula. Nisipoiona, nakula maandazi ya pale uwanjani. Ilikuwa siri yetu ya mume na mke, na niliipenda kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Halafu nikaanza kuona jambo. Tukishapita mipunga, tukikaribia mji, Komanda Faustin anageuza kichwa kushoto. Si sana. Kidogo tu, na kinabaki hivyohivyo mpaka magurudumu yaguse. Pisti iko mbele, lakini uso wa Komanda uko upande wa nyumba yangu. Nilisema moyoni, Yusufu, acha mashaka yako. Nikaangalia tena safari iliyofuata. Kushoto. Na iliyofuata. Kushoto.

Kisha siku moja mafuta yalinichelewesha. Nilipofika nyumbani, nani anatoka getini kwangu? Komanda Faustin, anajifuta uso kwa kitambaa, macho mekundu.

"Nilikuya kusalimia Maman Salma," akasema. Salma ni binti yetu wa kwanza, alikuwa shule. Akapita zake bila kuniangalia sawasawa.

Nilimkuta Zaina anaosha mikono. "Alitaka nini?"

"Amesalimia."

"Kusalimia tu? Mimi siko?"

Alikausha mikono polepole. "Baba Salma, yeye mwenyewe ndiye atakuambia. Mimi siwezi."

Wallahi, sikumeza hata tonge moja. Mwanamke wa miaka kumi na mbili ndani ya ndoa anakwambia hawezi! Nilitamani kupiga meza, nikatamani kulia, nikafanya yote mawili kimoyomoyo na kurudi uwanjani. Na wiki iliyofuata, kabla hatujaondoka Kigali, Komanda akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Leo kitenge ya njano itakuwa inje?"

Kitenge! Alijua hata kitenge! Siri yangu ya mume na mke iko mdomoni mwa mwanaume mwingine. Nilimjibu sijui. Tangu hapo nilimchunguza kama askari wa forodha. Nilinusa kola yake. Niliangalia viatu vyake kama vina udongo wa uani kwangu. Kazi niliifanya, namba nilisoma, ila moyo wangu ulikuwa unasoma mambo mengine. Nawaambia bila aibu kwa sababu nimeshazeeka: nilimchukia mtu aliyenifundisha kazi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana mweupe, hakuna mvua, hakuna kisingizio. Abiria wanane, Maman Nsimire nyuma yangu na mabunda yake. Tukapita mipunga. Nikaanza: "Mia moja. Tisini na tano. Tisini na tano." Maman akaanza kusali. Mto Rusizi uko kushoto kwetu, vilima vya Nyakabuye vimebaki nyuma. "Tisini." Mji ukatokea. Na Komanda akageuza kichwa.

Nikasema, leo nitajua. Nikalegeza mkanda wa begani, nikainama mbele ili nione anachokitazama kupitia dirisha lake. Nikaona mabati yetu. Nikaona uani, kamba, na kitenge cha njano kimetandazwa chote. Nikamwangalia Komanda usoni. Nikarudi kwenye kitenge. Nikawa nawaza nitakachomwambia Zaina, neno kwa neno, na majibu yake, na majibu yangu kwa majibu yake. Ndege ilikuwa ikinyanyua pua taratibu ili isipoteze kimo, na sikuihisi. Kelele ya upepo kwenye kioo ilikuwa imepungua, na sikuisikia. Vichwa viwili vilikuwa vimeelekea kushoto, na ile saa ilikuwa inasema peke yake.

Sala ya nyuma yangu ikakatika. Bega langu likagongwa.

"Papa," Maman Nsimire akasema kwa furaha kabisa, "Mungu akubariki. Leo umeacha kutuhesabu!"

Nikatazama saa. Sabini na mbili.

"Vitesi!" nilipiga ukelele. "Sabini na mbili! Sabini!" Honi ya hatari ikaanza kulia, ile inayolia bawa linapotaka kuachia. Mikono yetu ilikutana kwenye vishikio vya moto, tukavisukuma mpaka mwisho, na Komanda akaisukuma pua chini, chini kweli, kuelekea mikaratusi, kitu ambacho mwili wote unakukataza ukiwa karibu na ardhi. Lakini ndiyo dawa. Bawa linataka upepo kwanza, kimo baadaye. Nikasoma kama mwendawazimu: "Sabini. Sabini na nne. Themanini. Themanini na tano." Majani ya mikaratusi niliyaona moja moja. Tukayapita, tukapanda, tukaiacha pisti chini yetu na kuzunguka upya.

Mle ndani watu walikuwa wanalia na kutapika. Maman Nsimire alikuwa amenishika bega kwa mikono yote miwili.

"Utuhesabu, papa!" alikuwa akipiga kelele. "Utuhesabu bote! Usiache hata mumoja!"

Niliwahesabu, basi. Nilisoma kutoka mipunga mpaka magurudumu, sikuinua jicho, sauti ikanikauka. Komanda alitua vizuri kuliko siku zote.

Abiria waliposhuka, tulibaki vitini. Yeye ndiye aliyeanza.

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu ya nini ulitazama nyumba yangu?" nikamrudishia. "Unafanya nini na bibi yangu? Sema leo!"

Alinigeukia, na akanishangaa hivi kwamba nilianza kuogopa kabla hajajibu.

"Yusufu, mimi siioni nyumba yako," akasema. "Jicho ya kushoto imekufa tangu kiangazi. Nageuza kichwa ili ya kulia ikuye mbele, nione pisti. Na hiyo ya kulia inaona mbali tu. Hizi saa zote kwangu ni ukungu. Maman Salma ananitiaka dawa ya macho. Nilimwambia ni maumivu kidogo, nikamwapisha asiseme. Aliniambia nikuye siku kitenge iko inje, juu ya dispanseri bantu bataniona. Kila siku ananiambia niende kwa daktari mukubwa Kigali. Nilijua daktari atanishusha."

Nikamwuliza, "Sasa mwendo ulikuwa unaujuaje?"

"Kwa sauti yako."

Astaghfirullah. Miezi yote hiyo mtu yule alikuwa akitua kwa mdomo wangu. Na siku moja niliyonyamaza, ni kwa sababu nilikuwa nachunguza jicho ambalo halioni.

"Uliponyamaza," akaendelea, "unajua niliwaza nini? Niliwaza umeshajua. Nikasema, huyu amejua jicho yangu, ananyamaza makusudi niharibikiwe, apate kiti yangu. Nikakataa kukuuliza. Kiburi. Nilikuwa nangoja useme wewe wa kwanza."

Kwa hiyo mjue hesabu ilivyokuwa mle ndani: mimi namshuku yeye, yeye ananishuku mimi, na hakuna aliyeishuku saa ya mwendo, ambayo ndiyo tulilipwa kuishuku. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nilimwambia, "Komanda, mimi sipandi na wewe kurudi Kigali." Akaitikia kwa kichwa. Alinyoosha kola yake, akashuka, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya uwanja, akapiga simu Kigali waletwe marubani wengine, na akataja sababu kwa mdomo wake. Sikulazimika kumsemea. Hakurusha tena ndege maisha yake yote, na hakuwahi kunilaumu. Angenilaumu, ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

Nyumbani nilimkuta Zaina ameandaa dagaa wa sambaza na ugali. Nilimweleza yote nimesimama, hata ya kunusa kola. Hakupaza sauti, na mngemjua mngejua hiyo ni mbaya.

"Bantu kumi, Baba Salma," akasema. "Bantu kumi juu ya kitenge."

"Ungeniambia tu kwamba anaumwa macho."

"Na mimi nimekosa. Nilishika siri ya mugonjwa bila kuuliza inaenda kuua nani. Nitaibeba hiyo. Lakini wewe ulikuwa na kinywa. Miezi yote, haukuniuliza hata mara mbili!"

Akatoka uani, akakianua kitenge, akakikunja, akakitia sandukuni chini kabisa. Sikukiona tena kwenye kamba. Miaka niliyobaki angani, hata nilipokuja kukalia kiti cha kushoto, nikifungua geti hakuniuliza habari za Kigali wala za safari. Aliuliza neno moja: "Mulisoma?" Ninajibu tulisoma. Halafu ananitazama machoni kuona kama nasema kweli. Mimi, Bwana Mashaka, nikapata mwenye mashaka wangu, na nilistahili.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa kushoto, kopiloti wangu kulia. Tukapita mipunga. Akaanza kusoma. Mji ukatokea, nikauacha ukae pembeni mwa jicho, nikashika pisti mbele na namba zake masikioni mpaka magurudumu yakagusa. Watu walipiga makofi, Selemani mzee alinimwagia maji kichwani, tukapiga picha.

Nilipofungua geti nilisimama. Uani, kwenye kamba, kitenge cha njano kimetandazwa chote, kimepauka pale kilipokunjwa. Zaina alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Nilikianika tangu asubuhi," akasema. "Ulikiona kutoka juu?"

"Sikukiona."

"Apa."

"Wallahi sikukiona, Mama Salma. Nilikuwa nasikiliza namba."

Alinitazama machoni, muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akakianua, akajifunga kiunoni, akaniambia nikanawe, chakula kinapoa.